Koltani yetu na kompyuta ya kantiki: tusidanganyike juu ya bei

Tangu tarehe 7 Oktoba 2025, siku zawadi ya Nobel ya fizike ilitangazwa kwa John Clarke, Mfaransa Michel Devoret na John Martinis, neno «kantiki» linatembea mu radio na mu simu. Na pale neno jipya linatembea, mutu wa kuuza matumaini hayuko mbali. Atakuambia: hii kompyuta mpya inatengenezwa na tantali, tantali inatoka mu koltani, basi chunga mifuko yako mu nyumba, usiuzishe, bei itapanda. Mu maneno hayo kuna kitu cha kweli. Lakini jamaa yenye kuyafuata inaweza kulala njaa.

Tuanze na kile cha kweli. Kompyuta tunazojua zinahesabu na biti: ndiyo ao hapana. Ile ya kantiki inahesabu na kubiti, yenye kuweza kushika ndiyo na hapana pamoja kwa wakati kidogo sana. Aina moja ya kubiti ni njia ndogo ya umeme ya chuma chenye kupitisha umeme bila kupoteza nguvu, kama kimewekwa mu baridi kali, karibu digri 273 chini ya sifuri. Hao wanaume watatu walionyesha mu miaka ya 1984 na 1985, kule Berkeley, Marekani, kama njia ya umeme ya namna hiyo inaweza kufuata sheria za vitu vidogo kabisa. Zamani walitumia sana alumini na niobi. Mu 2021 watu wa Princeton walijaribu tantali, na kubiti yao ikashika zaidi ya sehemu 3 kwa 10 za milisekondi. Mu 2025 walipita milisekondi 1. Kwetu ni kama hakuna kitu; kwao ni safari ndefu.

Sasa, kubiti moja peke yake haina kazi. Shida kubwa iko mu kuziunganisha. Mutu wa Luena anaelewa hii vizuri, juu ameona treni pa gare. Wagoni lazima ifungwe na wagoni, kama hapana mzigo haupeleki popote. Lakini lazima ifunguliwe pia. Wagoni yenye kukataa kufunguka inavuta zingine pale hazitakiwe kwenda.

Kubiti ni vile vile. Ukiziweka karibu karibu, zinasikilizana. Lakini zinasikilizana saa zote, hata pale unataka zinyamaze, na kosa la moja linaingia mu ingine. Mu 2007 watu wa Yale waliunganisha kubiti mbili zenye kuwa mbali kidogo, kupitia njia moja ya mawimbi ya umeme, sawa reli katikati ya gare mbili. Kiisha wakatafuta kiunganishi cha kufunga na kufungua. Mashini ya Google ya 2019, Sycamore, ilihesabu na kubiti 53 na viunganishi 86 vya namna hiyo. Kata sekondi moja vipande bilioni: kiunganishi kinafanya kazi yake mu vipande karibu 12. Mu Desemba 2024 wakaleta Willow, yenye kubiti 105. Angalia hesabu: miaka tano, kutoka 53 mpaka 105. Kazi inaenda polepole juu kila kubiti yenye kuongezwa inaleta viunganishi vingine vya kutunza.

Kumbe chenye kuwazuia haiko ukosefu wa mawe. Ni akili ya kuunganisha. Tupige hesabu. Tantali inapakwa juu ya kipande kama rangi, unene wa nanometa 200, ni kusema milimita 1 ukiikata mara 5,000. Sentimeta moja ya mraba inakula karibu sehemu moja kwa tatu ya miligramu. Kilo moja ya koltani yenye tenere ya 30 kwa mia iko na tantali ya kutosha kupaka vipande zaidi ya 700,000 vya namna hiyo. Hata kama nyingi inapotea mu kazi, mufuko mumoja kutoka Malemba-Nkulu unaweza kulisha maabara kwa miaka. Maabara haziwezi kupandisha bei.

Bei inavutwa na vitu vingine. Sehemu kubwa ya tantali inaenda mu kondansatere ndogo za simu na mashini zingine. Inavutwa pia na vita: Rubaya, kule Kivu ya Kaskazini, yenye kutoa karibu 15 kwa mia ya tantali ya dunia, iliingia mu mikono ya M23 mu 2024. Sisi wa Luena tulishaona hii na makaa ya mawe. Makaa haikuisha chini ya udongo. Ni viwanda vyenye kuyanunua ndivyo vilianguka. Ukitaka kujua kesho ya jiwe, uliza nani analinunua leo, na kilo ngapi.

Basi, mupenzi msomaji, kuliko kungojea kantiki, kuna maswali ya leo pa depo. Tenere ya mufuko wangu ni ngapi, na nani aliipima? Bei ya leo ni ya kilo ya mawe ao ya kila pointi ya tenere? Kuna na swali la wote: tangu Novemba 2018 koltani iko mu madini ya stratejiki, pamoja na kobalti na jermaniumu, na redevansi yake ni 10 kwa mia. Sheria inapatia jimbo 25 kwa mia ya hiyo redevansi, na sheferi, sekta ao mji 15 kwa mia. Hayo makuta ndiyo yanaweza kujenga masomo na maabara ya fizike.

Juu utajiri wa hii mashini hauko mu mufuko. Uko mu kichwa cha yule mwenye kujua kufunga na kufungua. Mutoto wa muchimbaji anaweza kujifunza hiyo kazi. Lakini anaanzia na mwalimu wa hesabu mwenye kulipwa kila mwezi.