Nani Atakayeijaza Ramani ya Makere?

Yako malalamiko yanayosikika mara kwa mara miongoni mwa madereva, wauguzi na walimu wanaohamishiwa wilaya za Kasulu na Kibondo. Husema kwamba simu zao, ambazo mjini Dar es Salaam huwafikisha hadi mlangoni mwa nyumba waiendeayo, zikifika nyanda za juu za Kigoma hubabaika: mara nukta ya buluu husimama katikati ya pori tupu, mara njia hukatika ghafla, mara jina la kijiji halionekani kabisa. Hitimisho lao ni kwamba "GPS ya huku haifanyi kazi." Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hitimisho hilo si sahihi. Tena lina madhara, kwa sababu hutufanya tungojee msaada kutoka angani, ilhali kinachokosekana kimo katika uwezo wetu wenyewe.

Tuanze na huko angani. GPS ni mfumo wa setilaiti uliobuniwa na jeshi la Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Februari 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Leo setilaiti zipatazo 30 huizunguka dunia katika kimo cha kilometa 20,200 hivi. Kila moja hubeba saa ya atomi, na hutangaza bila kukoma mambo mawili: mahali ilipo, na wakati ilipoituma ishara yake. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde. Simu hupima muda ambao ishara imetumia njiani, na kwa hesabu hiyo hujua umbali uliopo baina yake na setilaiti. Umbali wa setilaiti tatu ungetosha kukipata kituo, lau saa ya simu ingekuwa kamilifu. Lakini saa hiyo ni hafifu, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Ndiyo sababu setilaiti ya nne huhitajika, ili simu iweze kuisahihisha saa yake. Hata nadharia ya Einstein ina kazi humo: saa za setilaiti hutangulia saa za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, na kama zisingerekebishwa, makosa yangelimbikizana kwa zaidi ya kilometa 10 kwa siku moja.

Sasa, setilaiti hizo hazimpendelei mtu. Zinazopita juu ya London ndizo hizo hizo zipitazo juu ya Makere. Zamani Wamarekani walikuwa wakizichafua kwa makusudi ishara zilizotolewa kwa raia, hata kosa likafikia mita 100 hivi, lakini desturi hiyo ilikomeshwa Mei 2000. Leo simu ya kawaida iliyo chini ya anga wazi hukosea kwa mita 5 hivi. Nyingi hupokea pia ishara za mifumo ya Urusi, Ulaya na China, jambo linalozidi kusaidia. Na kwa upande wa anga wazi, Makere ina neema kuliko miji mikubwa. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, niliishi katika mji wenye majengo marefu, ambamo ishara zilidunda kutoka ukuta hadi ukuta na nukta ya buluu iliruka upande wa pili wa barabara. Hata hivyo hakuna aliyelalamika, maana ramani ya mji ule ilikuwa kamili kiasi kwamba programu iliivuta nukta na kuirudisha barabarani. Hapa kwetu mambo ni kinyume chake: nukta iko mahali pake barabara, bali ramani iliyo chini yake ni tupu.

Kwa hiyo, atakaye kuiboresha huduma hii hana budi kwanza kutofautisha vitu vitatu: upokeaji wa ishara, mipangilio ya simu, na ramani. Viwili vya kwanza hurekebishika kwa dakika chache.

Kuhusu upokeaji, ieleweke kwamba kipokezi cha GPS hakihitaji kifurushi cha intaneti wala mnara wa simu. Hufanya kazi hata pale ambapo mtandao haupo. Tofauti ni ya muda tu. Penye mtandao, simu huletewa taarifa za njia za setilaiti kwa sekunde chache. Pasipo na mtandao, yapasa izisikilize kutoka kwa setilaiti zenyewe, nazo hutuma taarifa polepole mno, biti 50 tu kwa sekunde. Hivyo simu iliyozimwa kwa muda mrefu yafaa iachwe uwanjani kwa dakika kadhaa, bila kusogezwa, kabla ya safari kuanza. Isiwekwe chini ya paa la bati wala ndani ya mfuko uliobanwa na mwili. Tena, katika nchi za ukanda wa ikweta, tabaka la juu la anga liitwalo ionosfera aghalabu huchafuka baada ya jua kutua. Mtu anayetaka vipimo safi avichukue mchana.

Kuhusu mipangilio, hakikisha kwamba huduma ya mahali imewashwa, na kwamba programu ya ramani imeruhusiwa kujua mahali halisi, si mahali pa kukadiria. Zima hali ya kubana betri, kwani hukilaza kipokezi. Kabla ya kuondoka Kasulu au Kibondo mjini, pakua ramani ya eneo zima ili itumike bila mtandao, na uihuishe kabla ya kila safari. Dira ya simu ikionyesha upande usio wake, izungushe simu hewani kwa umbo la tarakimu 8, mbali na vyuma na sumaku.

Baada ya hayo, fanya jaribio. Simama mahali unapopajua vema, mathalani langoni mwa shule, usome latitudo na longitudo. Makere iko baina ya latitudo 4 na 5 Kusini, na longitudo 30 na 31 Mashariki. Nyuzi moja ya latitudo ni kilometa 111 hivi, kwa hiyo tarakimu ya nne baada ya nukta ya desimali ina thamani ya mita 11. Latitudo za Kusini huandikwa na alama ya kutoa. Mwanafunzi akiisahau alama hiyo ndogo, shule yake itahamia Sudan Kusini, pande za mji wa Yei. Ikiwa tarakimu ni sahihi na shule haionekani katika ramani, basi setilaiti zimekwisha timiza wajibu wao. Aliyebaki na deni ni mchora ramani.

Hapa wakazi wa Kigoma wana historia ambayo wanafunzi wengi hawajaambiwa. Meridiani ya 30 Mashariki hupita baina ya Kigoma mjini na Kasulu. Mwaka 1879 mwanafalaki David Gill, akiwa Afrika Kusini, alipendekeza kwamba mstari huo upimwe kutoka Rasi hadi Kairo ili kujua umbo halisi la dunia. Sehemu ya Tanganyika ilipimwa na kikosi cha Martin Hotine kati ya 1931 na 1933, na kazi nzima ikakamilika mwaka 1954. Kutokana na kazi hiyo ulipatikana msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao ramani zetu za topografia za skeli 1:50,000 zimejengwa juu yake. Simu hutumia msingi mwingine, WGS84, na tofauti baina ya misingi hiyo miwili hapa kwetu ni takriban mita 300. Mwalimu akizichukua tarakimu kutoka ramani ya karatasi na kuziingiza katika simu bila kuzibadili, atapelekwa ng'ambo ya pili ya bonde, naye atailaumu GPS. Wapima ardhi wetu wamekwisha anzisha msingi mpya, TAREF11, unaoafikiana na vipimo vya setilaiti, lakini ramani za zamani zingali makabatini mwa shule. Kadhalika meridiani hiyo hiyo ndiyo mpaka wa kanda ya 35 na ya 36 katika gridi ya UTM: Kigoma mjini iko kanda ya 35, Kasulu na Kibondo kanda ya 36. Asiyejua hayo atazichanganya tarakimu za wilaya mbili jirani.

Lakini msingi wa vipimo ni jambo la hesabu, na hesabu hurekebishika. Majina ya mahali hayarekebishiki kwa hesabu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na kaya zilizokuwa zimetawanyika zikakusanywa vijijini. Hivyo, katika muda usiozidi miaka hamsini, watu wa nyanda hizi walihamishwa kwa amri mara mbili. Ramani iliyochorwa kabla ya 1972 huweza kuonyesha nyumba mahali ambapo leo ni msitu au mashamba, na jina la zamani likabaki limeandikwa mlimani ilhali wenye jina wako kando ya barabara. Picha ya setilaiti itaonyesha paa na njia. Haiwezi kuonyesha kwamba kilima hiki na kijiji kile vina jina moja, wala kwamba daraja hili halipitiki wakati wa masika. Anayejua hayo ni mzee wa kijiji, na elimu yake haijaandikwa popote.

Je, hili ni jambo la wasomi tu? Sivyo. Tangu 2022 mpango wa m-mama umeenea nchini: mama mjamzito akipatwa na dharura, hupigwa simu namba 115, na gari au dereva wa jamii hutumwa kumchukua. Dereva mgeni anayeongozwa na simu hadi kwenye kijiji chenye jina lile lile, lakini upande mwingine wa bonde, anapoteza saa ambayo mama yule hana. Mwaka huo huo wa 2022 taifa lilifanya operesheni ya anwani za makazi na postikodi. Hiyo ni hatua kubwa, lakini namba ya nyumba haisemi ni kijia kipi kinachopitika mvua ikinyesha.

Mifano ya kazi tunayoihitaji ipo. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Ardhi kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko. Mwaka huo huo mradi wa Crowd2Map ulianza kuchora vijiji vya nchi yetu katika OpenStreetMap, ramani ya wote ambayo kila mtu anaweza kuijaza na kuitumia bila malipo. Wengi wa wachoraji wake wako ng'ambo, wakitazama picha za setilaiti. Tunawashukuru. Lakini mtu aliye Ulaya hawezi kuandika jina ambalo hajaambiwa.

Maoni yangu, basi, ni haya. Kila shule ya sekondari ya Kasulu na Kibondo, na hatimaye ya nchi nzima, iifanye ramani ya kata yake kuwa kazi ya vitendo ya kila mwaka. Somo la Jiografia tayari lina usomaji wa ramani na upimaji wa awali. Somo la Fizikia lina mawimbi, kasi na wakati. Wanafunzi waende na daftari, waandike latitudo, longitudo na jina la kila zahanati, kisima, daraja na njia panda; majina wayapate kwa wazee, yakiandikwa kwa matamshi ya Kiha kama wenyewe wanavyoyataja. Kisha walinganishe na ramani ya karatasi, waipime kwa mikono yao ile tofauti ya mita 300, na kazi iliyokaguliwa na mwalimu iingizwe katika ramani ya wote.

Nitajibiwa kwamba shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu. Sidai kanuni hiyo ivunjwe: simu moja ya mwalimu yatosha kwa darasa zima, na wanafunzi arobaini wanaobishana juu ya usomaji mmoja hujifunza zaidi kuliko arobaini walioinamia kila mmoja simu yake. Nitaonywa pia kwamba si kila kitu kifaacho kuandikwa kifaacho kutangazwa. Hilo ni kweli, hasa katika eneo ambalo tangu 1996 limekuwa na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nyumba za watu binafsi na majina yao yasiingizwe. Yatosha huduma za umma na njia za kuzifikia. Wengine watasema kwamba makampuni makubwa ya kigeni yatakuja kutuchorea. Huenda yakaja, lakini kampuni huchora kwanza penye biashara, na Makere itakuwa ya mwisho katika orodha.

Gharama ya setilaiti imekwisha lipwa na wengine, na ishara zao zinaanguka juu ya mapaa yetu usiku na mchana. Kilichobaki ni kazi ya kutembea, kuuliza na kuandika. Mwalimu mwenye simu na Kidato cha Tatu anaweza kuianza Jumamosi ijayo.