Takwimu za kabatini

Wadau, leo naomba nitoe dukuduku. Eti watafiti hawaunganishi takwimu za afya kwa sababu mtandao mbovu? Wapi! Kati ya 1955 na 1959 mradi wa malaria wa Pare-Taveta ulipuliza dieldrin huku Same na kule Taveta, Kenya, ukafuatilia malaria pande zote mbili. Nani alikuwa na intaneti?

Kikwazo ni woga. Mtafiti anaogopa mwenzake atamwahi kuchapisha, na cheo chuoni kinapanda kwa machapisho, si kwa kugawana takwimu. Siri ya mgonjwa? Sawa, futeni majina. Lakini jamani, aliyetobolewa kidole ni mama wa Gonja, si profesa! Anayegawana apewe cheo, muone kama kabati hazitafunguka.

Nawahi kipindi. Tchao!