Bajeti isomwe mbele ya raia

Kifungu cha 5 cha Katiba ya 2006 kinasema mamlaka ni ya raia, nao huyatumia wenyewe kwa kura ya maoni au uchaguzi. Lakini tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Bukavu ilipiga kura hiyo. Sisi wa Uvira hapana.

Je, tungoje? Luhwindja, kule Mwenga, zaidi ya miaka kumi iliyopita wakaaji walikusanyika na kuchagua wenyewe kazi za kufanywa kwa sehemu ya bajeti ya utawala wao wa kimila.

Kanisani, mweka hazina asiposoma hesabu mbele ya washirika, siku hiyo hakuna amani. Mbele ya komini tunalipa ushuru wa soko na kunyamaza. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 ulibomoa nyumba za waliokaa kando yake. Hao ndio wa kwanza kuulizwa ukingo upi utengenezwe, na kwa pesa ngapi.

Wachungaji wenzetu wa Mulongwe, Kalundu na Kavimvira, tuwaalike wakuu wa komini wasome bajeti katika makanisa yetu, siku isiyo ya ibada. Viti tunavyo.