Pesa ya Dubwi Si Mtaji: Hesabu kwa Kijana wa Kibiti na Delta

Vijana wenzangu, kuna neno limeharibika kitaani kwetu, nalo ni "mtaji". Kijana anauza kaa wake Nyamisati, anapata elfu hamsini, anatenga elfu ishirini ya kwenda kuisukumia kwenye mashine. Ukimuuliza anakwambia, "Huu ni mtaji wangu wa dubwi." Na kwenye magrupu ya simu kuna wajanja wanauza mpaka "somo" la kukufundisha kuusimamia huo mtaji.

Mtaji ni pesa inayotoka na kurudi na mwenzake. Elfu ishirini ya nyavu ni mtaji. Elfu ishirini ya mafuta na viazi vya chipsi pale stendi ya Kibiti ni mtaji. Elfu ishirini ya mashine ni matumizi, sawasawa na kiingilio cha mpira. Umenunua burudani, imeisha, umeondoka. Ukishalikubali hilo, mengine yote niliyoandika hapa chini yanakuwa mepesi. Usipolikubali, hakuna mbinu itakayokusaidia.

Najua wapo watakaosema, "Dada, si ungewaambia waache tu?" Nawaambia: waacheni. Asiyecheza kabisa amewazidi wote. Mashehe wetu wanasema kamari ni haramu, na wana haki ya kusema. Lakini mahubiri yapo siku zote, na mashine zimezidi kuongezeka. Kijana aliyeamua kwenda ataenda. Afadhali aende anajua hesabu, maana mwenye mashine anaijua.

Sheria inasemaje

Michezo ya kubahatisha Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo ni Sura ya 41. Sheria hiyo ndiyo iliyoweka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kwa hiyo ukimkuta mtoto wa sekondari na sare yake amesimama mbele ya dubwi, hapo kuna mtu mzima anayevunja sheria.

Jambo la pili watu wengi hawalijui. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya kupinga kwa pesa ni batili. Ukibishana na mshikaji kijiweni mkawekeana laki kwa mechi ya Simba na Yanga, ukashinda akakugomea, usihangaike kutafuta mwanasheria, hakuna kesi hapo. Kinachompa mchezaji pa kushika ni leseni ya mwendeshaji na Bodi iliyoitoa. Sasa ukicheza kwenye mashine isiyo na leseni, imewekwa nyuma ya duka na mtu usiyemjua, ukashinda wakasema mashine mbovu, utamdai nani?

Hesabu yenyewe

Chukua mashine ya sarafu ya mia mbili. Ukibonyeza mara 10 kwa dakika, na hapo hujaharakisha, kwa saa moja umebonyeza mara 600. Mara 600 kwa shilingi 200 ni shilingi 120,000. Utasema, "Mbona mimi niliingia na elfu ishirini tu?" Ndiyo, lakini kila unachoshinda unakirudisha ndani. Pesa ileile inazunguka, na kila ikizunguka mashine inakata chake. Makato yanahesabiwa kwenye ile 120,000, si kwenye 20,000 uliyoingia nayo.

Tuseme mashine inabakiza shilingi 10 kwenye kila 100. Kwa saa moja, kwa wastani, imekula 12,000. Saa ya pili ikiisha ni 24,000. Elfu ishirini yako ilishakwisha kabla hujaangalia saa. Kuna siku utatoka na faida, sikatai. Wastani haukatazi bahati ya siku moja. Unachokataza ni bahati ya mwaka mzima.

Wengine wanasema wao wamehamia kwenye video poka, ile mashine ya karata iliyoko kwenye kasino za Dar, kwa sababu "ile inataka akili". Ni kweli kwa sehemu, na hapo ndipo anayeanza anapopaswa kufungua macho. Kwenye mchezo unaoitwa Jacks or Better, unaolipa kuanzia jozi ya J kwenda juu, jedwali la malipo limeandikwa kwenye kioo. Angalia mistari miwili tu. Wa kwanza ni wa karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, wa pili ni wa karata tano za aina moja, mfano zote kopa. Ukikuta 9 na 6, mashine inarudisha kama asilimia 99.5 kwa anayecheza bila kosa hata moja. Ukikuta 8 na 5, inashuka hadi kama 97.3. Ukikuta 6 na 5, ni kama 95. Mashine zinafanana sura, taa zilezile, muziki uleule. Kwenye ile 120,000 ya saa moja, ya kwanza inakula kama 550, ya pili kama 3,200, ya tatu kama 6,000. Na hiyo ni kwa fundi. Anayebahatisha karata ya kushika na ya kutupa anapoteza zaidi.

Mtego mwingine ni zawadi kubwa, 10 mpaka A za aina moja. Inatokea takriban mara moja kwenye mikono 40,000. Kwa mwendo wetu wa mikono 600 kwa saa, hiyo ni zaidi ya saa 66 za kucheza. Tena malipo makubwa, mara 800 ya dau, kwa kawaida hutolewa kwa aliyeweka sarafu tano. Ukiweka chini ya hapo unalipwa mara 250. Kwa hiyo zile asilimia nzuri nilizotaja ni za mwenye sarafu tano kila mkono.

Anayeanza ashike haya

Kwanza, pesa ya kucheza ni ile iliyobaki baada ya kila mtu kupata chake: hesabu ya bosi wa bodaboda, chakula cha nyumbani, kodi, ada ya mdogo wako. Ikitoka kwenye mkopo wa simu au kausha damu, usiende. Mkopo una riba ya uhakika, mashine ina ushindi wa kubahatisha. Hapo umeliwa mara mbili.

Pili, gawa ulichonacho kwa 100, jibu ndilo dau lako la juu. Elfu ishirini inakupa dau la mia mbili. Mashine ya poka inayotaka sarafu tano za mia mbili ni elfu moja kwa mkono, yaani una mikono 20 tu. Hiyo mashine si yako, iache.

Tatu, usidabo. Wanakwambia ukiliwa 200 weka 400, ukiliwa weka 800, ipo siku itarudi. Haya, ukiliwa mara saba mfululizo umeshatoa 25,400. Mara ya nane unatakiwa kuweka 25,600, na ukishinda faida yako ni shilingi 200. Mia mbili, bana! Bei ya andazi.

Nne, ushindi ukiingia mfuko wa kushoto usirudi wa kulia. Tano, weka muda. Saa moja, simama, ondoka, hata kama "imeanza kukubali". Mashine haikumbuki kwamba imekula sana. Kila mzunguko inaanza upya. Na ukianza kuficha nyumbani au kukopa ili urudishe ulichopoteza, hapo hakuna tena cha kusimamia. Acha, na umwambie mtu.

Nimeona ushauri wa nje unaosema tenga asilimia fulani ya mshahara. Sisi mshahara wetu uko wapi? Pesa ya delta inakuja na bamvua, na mnada wa korosho, na ufuta. Mtu wa Mbuchi au Salale anaweza kushika milioni mwezi mmoja halafu miezi minne asione kitu. Kwa hiyo kabla ya yote, pesa ya msimu igawe kwa idadi ya miezi mpaka msimu ujao, ndipo uangalie kama kuna kinachobaki. Aprili 2024 mafuriko yalikula mashamba ya Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya. Mwenye akiba alitikisika. Asiye nayo alianza kukopa kwa ajili ya unga.

Na hapa ndipo siasa inapoingia

Sitaki mtu amalize kusoma akidhani tatizo lote ni nidhamu ya kijana. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, ikarudi mwaka 2024. Katika muda wote huo dirisha la mtaji wa kweli lilikuwa limefungwa. Dubwi halikufungwa hata siku moja. Halafu tunashangaa vijana wameuita mchezo mtaji!

Kuhusu mashine zenyewe, jimbo la Nevada kule Marekani, kwenye mji wa kamari wa Las Vegas, kanuni inataka mashine ya kubahatisha irudishe si chini ya asilimia 75, na mashine inayoonyesha karata izichanganye kwa uwezekano uleule wa karata 52 za kweli. Kama Nevada inaweza kumbana mwenye mashine, sisi tunashindwa nini? Tunataka kila mashine iandikwe kwa Kiswahili, kwenye kioo, inarudisha shilingi ngapi katika kila 100. Chupa ya soda inaandikwa ujazo wake. Mashine inayokula hesabu ya bodaboda iandikwe pia.

Serikali inakata kodi kwa mwendeshaji, na kwa mshindi pia inakata. Tangu 2017 makusanyo hayo yanakwenda TRA. Ni haki yetu kuuliza, katika kile kinachotoka Kibiti, Bungu na Ikwiriri, kipi kinarudi kwa vijana wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri?

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ukifika, simameni na maswali matatu. Mashine ngapi zipo kijijini na zina leseni? Nani anahakikisha watoto hawachezi? Kikundi kipi cha vijana kimepata mkopo wa asilimia nne, na orodha imebandikwa wapi? Mkijibiwa kwa kuzungushwa, yaandikeni majibu pamoja na tarehe, muyapeleke kwa diwani wenu kabla ya kikao cha baraza. Na elfu ishirini ya kaa, nunua nyavu.