Droni za kuunganisha: Faida imejificha kwenye kazi ya katikati

KATI ya biashara zinazoonekana nyepesi kwa macho, kuuza droni zilizoungwa nusu ni mojawapo. Mfanyabiashara anaagiza fremu, mota nne, vidhibiti mwendo vinne, mapanga, bodi ya kuongozea na betri. Sehemu ngumu anaifunga mezani kwake, vilivyobaki anavipanga ndani ya boksi pamoja na karatasi ya maelekezo, na mnunuzi anamalizia kazi nyumbani. Biashara hii haidai kiwanda wala jengo kubwa, na mtu anaweza kuanza na seti kumi tu.

Tunazungumzia zile ndege ndogo zisizo na rubani, zenye mapanga manne, ambazo kwetu wengine huziita ndege nyuki. Wanunuzi wa seti hizi si majeshi wala kampuni za kupima ardhi. Ni wanafunzi wa ufundi, wapenzi wa mashindano ya kurusha, na watu ambao hawalali mpaka wajue kitu kinafanyaje kazi.

Swali la mfanyabiashara ni hili: katika bei ya boksi lile, faida inatoka wapi na nani anaichukua? Jibu linapatikana vizuri zaidi Marekani na China, kwa kuwa huko ndiko biashara hii ilikokulia, ikawainua watu, kisha ikawaangusha baadhi yao.

Dola 500 za mwanzo

Mwaka 2007 Chris Anderson, wakati huo mhariri mkuu wa jarida la Wired la Marekani, alianzisha jumuiya ya watu wanaojitengenezea droni. Humo akafahamiana na Jordi Muñoz, kijana wa Mexico aliyekuwa California akisubiri kibali cha kuishi. Muñoz alikuwa amechukua vitambuzi kutoka kwenye rimoti ya mchezo wa Nintendo Wii, akavifunga kwenye helikopta ya kuchezea ili itulie angani. Anderson alimtumia dola 500 kabla hawajaonana uso kwa uso. Mwaka 2009 wawili hao wakafungua kampuni ya 3D Robotics.

Bidhaa zao za mwanzo zilikuwa bodi za kuongozea na seti za kuunganisha. Michoro waliiweka wazi na programu wakaitoa bure. Kampuni ikakua hadi kuwa na ofisi na karakana California, na kiwanda Tijuana, ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Mexico.

Mwaka 2012 Anderson alitoa kitabu kiitwacho Makers, na humo kuna kanuni moja ambayo hata muuza nyanya anaweza kuitumia. Anasema bei ya rejareja ya kitu ulichokitengeneza isipungue mara 2.3 ya gharama yake. Hesabu yake ni nyepesi. Mtengenezaji anaongeza nusu ya gharama ili aishi, muuza duka naye anaongeza nusu ya bei aliyonunulia ili aishi. Moja na nusu mara moja na nusu ni 2.25, na kidogo kinachobaki ni cha mambo yasiyotarajiwa.

Wengi wanaoanza huona aibu kuuza hivyo. Vipuri vimegharimu dola 100, anaona akiuza kwa 130 ametenda haki na amepata 30. Tuchukue mfano wa mtu huyo. Ameuza seti kumi, amepata dola 1,300, na vipuri vimekula 1,000. Seti moja imerudi ikiwa imeungua, ameibadilisha kwa dola 100 na kulipa usafiri wa kurudi na kwenda dola 40. Zimebaki 160. Ikiwa kila seti ilimchukua saa tatu kuilehemu, kuijaribu na kuifunga, ni saa 30 za kazi, yaani dola tano na ushee kwa saa. Hapo hajalipa pango, umeme, wala simu. Aidha, hakuna muuza duka atakayekubali kumsaidia kuuza, kwa sababu hakumwachia chochote katika bei.

Nusu ipi iungwe?

Hapa ndipo penye kiini cha biashara yenyewe, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Vipuri vya droni kila mtu anaweza kuviagiza. Anachonunua mteja kwa muuza seti ni kuepushwa na makosa. Mota za ndege hizi zina nyaya tatu, na ukibadilishana mbili kati ya hizo, mota inazunguka kinyume. Katika ndege ya mapanga manne, mbili lazima zizunguke kulia na mbili kushoto. Ukikosea moja, ndege inajipindua palepale inapotaka kunyanyuka, na mapanga yanavunjika. Ukigeuza nyaya za betri, chanya mahali pa hasi, moshi unatoka kabla hujavuta mkono. Hayo yote ni makosa ya mtu aliyeshika kilehemu kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo nusu inayofaa kuungwa na muuzaji ni ile ya kulehemu na ya umeme: vidhibiti mwendo kwenye fremu, mota kwenye vidhibiti, na kiunganishi cha betri. Nusu ya mnunuzi iwe ya skrubu, kufunga mapanga, kuchagua redio yake na kupanga programu. Kampuni ya DJI ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006, iliuza seti iitwayo Flame Wheel F450 ambayo bamba lake la chini ndilo linalosambaza umeme kwenda kwenye vidhibiti vyote vinne. Nyaya zikapungua, na nafasi za kukosea zikapungua nazo. Hiyo ni akili ya biashara kuliko ya uhandisi.

Hata hivyo, uungaji wa nusu una ugonjwa wake. Ukiuza vipuri vitupu, kikiungua kitu lawama ni ya mnunuzi. Ukiuza ndege kamili, lawama ni yako. Ukiuza nusu, lawama haina mwenyewe. Mteja atasema ulehemu wako ulikuwa mbaya, wewe utasema aligeuza betri, na hakuna shahidi. Katika biashara ndogo ugomvi wa namna hii hula faida kuliko ushuru. Anayetaka kudumu hana budi kuzungusha mota zote nne kabla ya kufunga boksi, kupiga picha ya kazi yake, kuweka alama ya namba, na kuandika wazi wajibu wake unaishia wapi. Muda huo nao uingie kwenye bei.

Ndege kamili ilipoingia sokoni

Januari 2013 DJI ilitoa Phantom. Ilikuwa imekamilika: unafunga mapanga, unachaji betri, unarusha. Bei yake ilikuwa dola 679. Kwa mtu ambaye haja yake ilikuwa kupiga picha kutoka juu, sababu ya kununua seti iliishia siku hiyo. Kumbuka kwamba DJI wenyewe walikuwa wauza bodi na seti. Walichofanya ni kuchukua kazi ile ya katikati waliyokuwa wakimwachia mteja na fundi, wakaifanyia kiwandani kwa maelfu.

3D Robotics nao waliacha kutegemea seti wakahamia ndege kamili. Mwaka 2015 walitoa Solo kwa dola 999.95, na aliyetaka kishikio cha kutuliza kamera aliongeza karibu dola 400, kamera yenyewe akanunua pembeni. Mwaka huohuo DJI wakatoa Phantom 3 yenye kamera ndani yake, na toleo lake la Standard likaanza kwa dola 799, kisha likashushwa hadi 499. Mwaka 2016 3D Robotics iliacha kutengeneza droni ikageukia programu za kampuni za ujenzi.

Wapo wanaosema waliangushwa na kuweka michoro yao wazi, kwa kuwa bodi za kuiga kutoka China ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Mwandishi haoni hivyo. Bodi za kuiga zilipunguza faida ya bodi, ni kweli, lakini kilichowamaliza ni kushindana na kiwanda kilichojitengenezea karibu kila kitu na kilichoweza kushusha bei kila baada ya miezi michache. Michoro ingefungiwa kabatini, bei ya Phantom ingeshuka vilevile.

Kwa wasomaji wa huku, mfano wa karibu ni baiskeli. Baiskeli huja ndani ya katoni, na fundi wa dukani anaiunga. Fundi huyo hajaondolewa na kiwanda mpaka leo, na sababu ni nafasi: baiskeli iliyoungwa inachukua nafasi kubwa ndani ya kontena, na usafiri wake ungekuwa ghali kuliko ujira wa fundi. Droni haina kinga hiyo. Mwaka 2016 DJI ilitoa Mavic Pro inayokunjwa hadi ikaingia ndani ya mfuko mdogo. Ikiwa kamili inasafiri vizuri kama ikiwa vipande, basi fundi wa katikati hana usafiri wa kumlinda.

Nani aliyebaki?

Seti hazikufa. Zilibaki kwa watu ambao ndege kamili haiwatoshi, hasa warushaji wa mashindano, wanaovaa miwani yenye skrini na kuona kile ambacho kamera ya ndege inaona. Hao huangusha ndege kila wiki. Mkono wa fremu ukivunjika wanabadilisha mkono, panga likikatika wanabadilisha panga. Mtu aliyeiunga ndege yake anajua kuitengeneza, na kila anapoiangusha anarudi dukani.

Kwa maoni yetu hapo ndipo faida ya kudumu ilipo. Seti inauzwa mara moja, mapanga yanauzwa mwaka mzima. Muuza bomba la kunyunyizia dawa anajua jambo hili: bomba lenyewe halimpi faida kubwa kama mipira, vali na midomo ya kunyunyizia ambayo mkulima hurudi kuinunua kila msimu.

Hata huko, upepo umebadilika. Tangu Desemba 2015 Marekani inadai droni yenye uzito wa zaidi ya gramu 250 isajiliwe. Machi 16, 2024 ilianza kusimamia sheria inayotaka droni hizo zijitambulishe kwa mawimbi zikiwa angani. Aliyejiundia ndege yake hana budi kufunga kifaa cha ziada au kurusha katika maeneo maalumu. Kisha ukaja ushuru. Mzigo usiozidi dola 800 ulikuwa ukiingia nchini humo bila ushuru. Nafuu hiyo iliondolewa Mei 2, 2025 kwa mizigo ya China na Hong Kong, na Agosti 29 mwaka huohuo kwa nchi nyingine zote. Desemba 22, 2025 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaweka droni za kigeni na vipuri vyake muhimu katika orodha ya bidhaa ambazo matoleo yake mapya hayapewi idhini. Muuza seti mdogo, ambaye vipuri vyake vyote vilitoka Shenzhen kwa vifurushi vidogovidogo, ndiye aliyeguswa kwanza.

Kwa anayetaka kujaribu huku

Jambo la kwanza ni kibali. Tanzania droni huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya Wizara ya Ulinzi. Kenya ina kanuni za mwaka 2020, na uingizaji nao unapitia kwa mamlaka ya anga. Mtu asidhani kuleta ndege vipande vipande ni njia ya kukwepa, maana mteja akishaiunga ni droni kama nyingine, na akikamatwa nayo atakutaja wewe.

La pili ni betri. Betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo zimepigwa marufuku kwenye ndege za abiria tangu Aprili 1, 2016. Mfanyabiashara anayerudi kutoka Guangzhou au Dubai anaruhusiwa kubeba betri za akiba za matumizi yake mwenyewe ndani ya begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini, na kila moja isizidi saa-wati 100 kama hana kibali cha shirika. Betri ya kawaida ya seti, volti 11.1 yenye uwezo wa miliampia-saa 2,200, ni kama saa-wati 24, kwa hiyo iko ndani ya kiwango. Lakini betri 50 za kuuza si za matumizi binafsi. Hizo zinakuja kwa meli au ndege ya mizigo, kwa gharama yake na kwa muda wake, na anayepanga bei asiisahau safari hiyo.

Mkulima naye asiuziwe seti ya kujifurahisha kwa maneno kwamba itanyunyizia shamba. Seti hizi hubeba kamera ndogo. Droni ya kunyunyizia ni mashine nyingine kabisa: Agras MG-1, ambayo DJI iliitoa mwaka 2015, ilijengwa kubeba kilo 10 za dawa. Bomba la mgongoni la lita 16 likijaa linazidi kilo 16, na kwa ekari mbili tatu bado halijapata mshindani wa bei.

Soko lililo wazi zaidi huku ni vyuo vya ufundi na klabu za wanafunzi, ambako thamani ya seti ni kujifunza, na ndege kamili haiwezi kuichukua nafasi yake hata ikiuzwa nusu bei. Wateja hao hununua kwa mafungu, hulipa taratibu, na huvunja vitu vingi. Mwenye duka la vifaa vya redio anayejua kulehemu anaweza kuwahudumia bila kuacha kazi yake ya kila siku: aagize seti mbili tatu kwa malipo ya awali, apime kwa saa muda anaoutumia kwa kila moja, na rafu yake aijaze mapanga, mikono ya fremu na vidhibiti mwendo kuliko maboksi.