SIKU NANE ZA KUACHA SIGARA



Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, sisi askari wa zamu ya usiku hurudi kwa miguu kutoka Lavington na Kileleshwa mpaka Kawangware 56. Wenzetu wa Kibera nao hushika njia yao. Tumekesha saa kumi na mbili kwenye malango ya watu. Tukifika steji, kabla ya chai na kabla ya kuwajulia hali watoto, wengi wetu husimama kwanza kwenye kibanda kile ambapo kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi, tukanunua sigara. Si pakiti, ni sigara moja. Mkono hutoa shilingi wenyewe, kama kwamba hauna mwenyewe.

Leo twataka kusema juu ya sigara hiyo. Hatuandiki kama wahubiri. Katika kamati ya tawi letu wamo wanaovuta, na mmoja wao ndiye aliyeomba habari hii iandikwe. Amekwisha acha mara nne, na mara nne amerudi. Mara ya mwisho alivumilia siku tatu, na usiku wa tatu, saa nane, akiwa peke yake langoni katika baridi, akamwomba dereva aliyekuwa akipita ampe moja. Alituambia, "Sikushindwa na sigara mchana. Nilishindwa na sigara zamuni." Neno hilo ndilo lililotufanya tutafakari.

Yafaa kwanza tujue adui wetu ni nani. Ndani ya tumbaku imo nikotini. Mtu akivuta moshi, nikotini hupita mapafuni ikaingia katika damu, na baada ya sekunde chache tu, kama kumi au ishirini, imekwisha fika ubongoni. Huko huleta raha ndogo. Lakini haikai. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imetoka katika damu, na ubongo uliozoea huanza kuidai. Mtu hukasirika bure, mikono haitulii, mawazo hayakai mahali pamoja. Akivuta tena hupata nafuu, naye hudhani kwamba sigara imemtuliza. Kumbe sigara imemwondolea taabu ambayo sigara yenyewe ndiyo iliyoileta. Ni kama mtu anayekukopesha fedha ili upate kumlipa deni lake mwenyewe. Deni la namna hiyo haliishi.

Nikotini ndiyo kamba inayotufunga, na moshi ndio unaotuua. Katika moshi wa sigara mna kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati ya hizo zajulikana kuwa huleta kansa. Moshi huo huharibu mapafu, hukaza mishipa ya damu, huleta ugonjwa wa moyo na kiharusi. Huongeza pia hatari ya kuugua kifua kikuu na ya kufa nacho, na sisi tunaolala watu sita katika chumba kimoja cha mabati twakijua kifua kikuu kwa majina ya jirani zetu. Chumba hicho hakina dirisha la kutosha. Baba akivuta ndani, mtoto mchanga amevuta naye. Ndipo huja kichomi na pumu, na mama hukesha zahanati akidhani ni vumbi la barabara. Shirika la Afya Duniani lasema tumbaku huua zaidi ya watu 7,000,000 kila mwaka ulimwenguni, na baadhi yao hawakuvuta hata siku moja.

Wala si habari mpya. Mwaka 1950, huko Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha wazi kwamba sigara yahusiana na kansa ya mapafu. Tangu 1951 walianza kufuata maisha ya madaktari wa Kiingereza, na mwaka 2004 ikatolewa hesabu ya miaka 50. Waliovuta maisha yao yote walikufa kama miaka 10 kabla ya wasiovuta. Lakini sikilizeni sehemu ya pili ya hesabu hiyo. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alirudishiwa miaka 3 hivi. Aliyeacha akiwa na 50 alirudishiwa 6. Aliyeacha akiwa na 40 alirudishiwa 9, na aliyeacha akiwa na 30 alirudishiwa karibu yote. Kwa hivyo asiseme mtu, "Nimekwisha haribika, ya nini kuacha?"

Na mfuko je? Tuseme sigara moja ni shilingi 15, na mtu huvuta kumi kwa siku. Hizo ni shilingi 150. Kwa siku thelathini ni shilingi 4,500, na kwa mwaka mzima ni shilingi 54,750. Tunapigana na waajiri miezi mingi tupate nyongeza ya mshahara, halafu nyongeza yenyewe tunaichoma moto kibandani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki chajaa nyumbani kwa mtu mwingine.

Sasa kuna watu watakaosema, "Hakuna aliyemlazimisha. Alijitia mwenyewe, na ajitoe mwenyewe." Sisi hatukubali. Wengi wetu tulianza tukiwa vijana wadogo, kabla hatujapata kitambulisho. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2014 ulikuta kwamba watu wazima kama 2,500,000 katika Kenya walikuwa wakitumia tumbaku, ya kuvuta au isiyo ya moshi. Yaani wanaume 19 katika kila 100, na wanawake kati ya 4 na 5. Je, watu milioni mbili na nusu wote ni wapumbavu? La. Wamefungwa, na mwenye kufungwa huhitaji kufunguliwa.

Ni kweli kwamba wako wengi walioacha peke yao, na tunawapa heshima. Yule anayeweza kuacha akiwa nyumbani kwake na aache leo. Asaidiwe na mganga wa zahanati, na viraka vya nikotini vinavyobandikwa katika ngozi, au chingamu ya nikotini. Hizo ni dawa, nazo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima tangu 2009. Lakini sisi twasema juu ya yule aliyejaribu mara tatu, mara nne, akashindwa, na ambaye sasa anakohoa. Huyo anahitaji kulazwa.

Kwa nini alazwe? Kwa sababu taabu ya kuacha sigara huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua polepole katika majuma mawili mpaka manne. Ukizipitisha siku zile mbaya mahali ambapo hapana kibanda, hapana kiberiti cha uzi, hapana rafiki wa kukugawia nusu, wala hapana zamu ya usiku, basi umevuka mto mahali penye maji mengi. Huko Marekani, hospitali ya Mayo Clinic mjini Rochester, Minnesota, imepata kuwalaza wavuta sigara kwa siku nane. Walipewa dawa, walifundishwa, na walizungumza pamoja mchana kutwa. Hesabu waliyoitangaza mwaka 2011 ilionyesha kwamba baada ya miezi sita zaidi kidogo ya nusu ya waliolazwa walikuwa hawavuti, na waliotibiwa bila kulazwa ni kama robo tu. Hatusemi kwamba kitanda ni uchawi, kwa maana hata huko karibu nusu walirudi, na waliolazwa walikuwa watu walioamua wenyewe kwenda. Lakini kwa mtu aliyeanguka mara nne, nusu ni tumaini kubwa.

Na hapa kwetu? Vituo vya kulaza wagonjwa wa uraibu vipo. Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, ina sehemu yake ya kutibu watu wa madawa ya kulevya. Ubaya ni kwamba mtu akisikia Mathari hudhani ni mahali pa wenye wazimu tu, akaona haya. Mficha maradhi, kilio humfichua. Tena vituo vingi humu nchini vimepangwa kwa ajili ya ulevi na madawa makali, na mgonjwa mara nyingi hutakiwa akae siku 90. Askari gani wa Kawangware awezaye kukaa ndani siku 90? Akitoka atakuta sare yake imevaliwa na mwingine, na mlango wa chumba chake umetiwa kufuli la mwenye nyumba.

Lakini siku nane zawezekana! Hapo ndipo twataka kila mwanachama afungue macho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema kwamba mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili kazini ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili, akileta cheti cha daktari. Siku saba na siku saba ni siku kumi na nne. Siku nane zaingia humo na nyingine zabaki. Haki hiyo si zawadi ya mwajiri.

Na fedha za vitanda zitoke wapi? Nazo zina mahali pake. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 iliunda Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku, na moja ya kazi zake ni kuendeleza mipango ya kuwasaidia watu waache tumbaku na kurudia afya zao. Kanuni za mwaka 2014 zikaamuru watengenezaji na waingizaji wa tumbaku watoe mchango wa asilimia 2 katika mfuko huo. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilizipinga kanuni hizo kortini, ikashindwa, ikakata rufani, na mwezi wa Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikaitupilia mbali rufani yake. Kesi imekwisha. Basi mfuko huo ni wetu, sisi wenye mapafu.

Hatusahau kwamba wako wafanyakazi wenzetu katika kiwanda cha sigara, na wakulima wa tumbaku huko Migori, Busia na Meru. Hao si adui. Twapendezwa kusikia kwamba huko Migori mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Serikali yamewasaidia wakulima wahamie maharagwe yenye madini ya chuma. Mtu asinyang'anywe kazi kabla hajaonyeshwa kazi nyingine.

Kwa hivyo sisi twadai mambo manne:

1. Katika mapatano yajayo na waajiri, iandikwe wazi kwamba mwanachama mwenye cheti cha daktari cha kutibiwa uraibu wa tumbaku apewe likizo ya ugonjwa kama mgonjwa mwingine yeyote, bila matusi na bila kupoteza kazi.

2. Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku uweke vitanda vya siku nane katika hospitali ya umma hapa Nairobi, na wananchi waambiwe kila mwaka zimeingia shilingi ngapi na zimefanya nini.

3. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Basi viraka, chingamu na kitanda cha mwenye kuacha sigara vihesabiwe kama dawa na kitanda cha mgonjwa wa malaria.

4. Sheria yakataza kuuza sigara isipokuwa katika pakiti ya sigara zisizopungua kumi. Ifuatwe, lakini isianzie kwa mama wa kibanda. Ianzie kwa wakubwa wanaomletea mzigo, wakijua vema kwamba utauzwa mojamoja.

Hayo ni madai yetu kwa wengine. Na sisi wenyewe je? Kuanzia mkutano ujao, pasivutwe sigara mkutanoni. Hata sheria ya 2007 yakataza kuvuta ndani ya mahali pa kazi na pa watu wengi. Mtu akisema, "Nimeacha," asichekwe, wala asijaribiwe kwa kupewa moja. Mwenzake wa zamu ampigie simu saa nane usiku, saa ile ya hatari, wazungumze habari za nyumbani mpaka ipite. Na ambaye hajui pa kuanzia apige namba 1192 ya NACADA, ambayo haina malipo.

Yule mwenzetu wa kamati amesema atajaribu mara ya tano. Hatutaki ajaribu peke yake langoni. Twataka siku hiyo awe na kitanda, cheti mfukoni, na sare yake ikimngoja. Leteni majina ya walio tayari kama yeye kwa katibu wa tawi. Wakiwa kumi tutakwenda nao kwa mwajiri, na wakiwa mia tutakwenda nao Wizarani. Kila mtu tangu zamani amevuta sigara yake peke yake, lakini kuacha tutaacha pamoja.

Umoja ni nguvu.