Saburi ya Mkristo haikatazi machozi

WAHENGA walinena kwamba baada ya dhiki faraja. Methali hiyo hupamba insha nyingi za wanafunzi wetu, na matangani hutamkwa upesi mno. Lakini aliyefiwa anajua kwamba baina ya dhiki na faraja pana kipindi kirefu, na humo ndimo imani ya mtu hupimwa.

Walimu na wanafunzi wa nchi hii hawana haja ya kutafuta mfano mbali. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, siku ya Alhamisi Kuu, magaidi wa Al-Shabaab walivamia chuo kikuu mjini Garissa wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Walionusurika walisimulia jinsi Wakristo walivyotengwa na kuuawa. Pasaka ilipofika, makanisa yakiimba nyimbo za ufufuo, kulikuwa na wazazi jijini Nairobi waliokuwa wakitafuta miili ya watoto wao katika chumba cha maiti cha Chiromo.

Je, Mkristo angewaambia nini wazazi hao? Wapo wanaokimbilia kusema kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, au kwamba mwenye kuteseka amepungukiwa na imani. Maneno ya aina hiyo ni kutonesha kidonda, na hata Biblia haiyaungi mkono. Katika kitabu cha Ayubu, marafiki waliomlaumu mgonjwa ndio waliokemewa na Mungu, ilhali Ayubu aliyelalama alihesabiwa kuwa msema kweli. Yesu mwenyewe alilia alipokwenda kwenye kaburi la Lazaro. Tena, kati ya Ijumaa ya msalaba na Jumapili ya ufufuo ilikuwapo Jumamosi ambayo wafuasi wake hawakuwa na jibu lolote. Asiyekuwa na jibu leo hajaiacha njia ya Kristo.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba Mtume Paulo, katika sura ya 5 ya Waraka kwa Warumi, hakuliweka tumaini mwanzoni mwa safari ya mateso. Aliliweka mwishoni, nyuma ya saburi na uthabiti wa moyo. Hivyo basi, mwanafunzi aliyefiwa ambaye haoni nuru asidhani kwamba Mungu amemtupa. Huenda yungali njiani, na kazi yake kwa sasa ni kupiga hatua moja tu.

Hatua hizo tumeziona. Baadhi ya walionusurika Garissa waliendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na mnamo Januari 2016 chuo chenyewe kilifungua tena milango yake. Mtu anayefungua daftari huku moyo ungali unavuja damu anatenda saburi, hata kama hana nguvu za kuimba.

Lakini saburi haibebwi na mtu mmoja. Mnamo Desemba 2015, magaidi waliposimamisha basi katika Kaunti ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi akafariki Januari 2016. Mkristo aujuaye mfano wa Msamaria Mwema hapaswi kushangaa kwamba msaada ulitoka kwa mtu wa imani nyingine. Na anayetaka kuugeuza msiba wa Garissa kuwa chuki dhidi ya Waislamu hana budi kwanza kumkumbuka mwalimu huyo.

Twawasihi walimu, hasa wanaosimamia vyama vya Kikristo shuleni, wasiwaharakishe wanafunzi wenye majonzi. Mtoto anaporudi kutoka mazikoni asiamriwe kusahau, wala asihubiriwe kabla ya kusikilizwa. Aketi na mwenzake, asaidiwe masomo yaliyompita, na karo ikikosekana jamii ya shule ichange. Sala iandamane na matendo hayo.

Kristo aliyefufuka aliwaonyesha wanafunzi wake alama za misumari; ufufuo haukuzifuta. Vivyo hivyo, wanaoteseka miongoni mwetu wasitakiwe kuficha makovu yao ndipo wahesabiwe kuwa na imani.